Kazi Yako Husemwa na Jirani

Nitajisifu tangu mwanzo, ili asiyependa majivuno ya bibi mzee aachie hapa akatafute kitu kingine cha kusoma. Nimefundisha Kiingereza mpaka chaki ikanikausha vidole, na hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu akatoka bado anaandika "I feel myself good." Wako wauguzi, wako mahakimu, yuko mmoja aliyekuwa dereva wa treni na sasa ni diwani. Wote hao wakiandika Kiingereza, ile "myself" yao hukaa panapotakiwa, na pasipotakiwa hawaiweki. Hiyo ni kazi yangu. Naisema kwa mdomo wangu mwenyewe na sioni haya.

Zamani haya nilikuwa nayo, tena ya kufunika uso. Nilizaliwa Tabora, katika mtaa wa mafundi na wachuuzi karibu na soko, ambako mtu aliyesifu kazi yake alionekana kama aliyetoka nje bila nguo. Baba yangu alikuwa fundi bati. Alifanyia kazi kwenye baraza ya duka la jirani yetu, mzee wa Kiarabu ambaye babu zake walikuja kutoka Omani pamoja na misafara ya pembe za ndovu, wakauza nguo, wakazaa, wakazikwa hapa hapa. Mzee yule aliuza kanga, tende, na halua aliyopika mkewe. Baba alitengeneza vibatari, karai, funeli, na zaidi ya vyote madebe ya kumwagilia, kwa sababu wakulima wa tumbaku kutoka Sikonge waliyahitaji kwa vitalu vyao, na watu wa Ntalikwa kwa mboga zao.

Basi mkulima akija, akaliinua debe, akaligonga kitako kwa kidole, akauliza, "Fundi, hili halivuji?" baba hakujibu. Aliinua kidevu kuelekea dukani. "Muulize jirani."

Na mzee wa duka, bila hata kutoka nyuma ya kanga zake, alisema, "Chukua, bwana. Mimi ninalo la mwaka juzi, halijatoa chozi."

Mteja akiingia ndani akauliza kama halua ni ya leo, mzee naye alinyamaza, akatazama barazani. Hapo baba alisitisha nyundo na kusema, "Nimeila asubuhi hii. Ningekuwa na nafasi tumboni ningeila tena." Hivyo ndivyo walivyouziana bidhaa maisha yao yote. Sikuwahi kumsikia baba akisema debe lake ni zuri, wala mzee akisema halua yake ni tamu, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Baba alisema desturi hiyo ilitoka njiani. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka hapa hadi Bagamoyo na kurudi na nguo na shanga. Njiani, kama ilivyosimuliwa nyumbani kwetu, mpagazi hakuulizwa kama mzigo wake umefungwa vizuri. Aliulizwa anayemfuata nyuma, kwa kuwa ndiye anayeona kamba ikilegea. Mwenye mzigo anauhisi tu shingoni, na shingo ya mtu ina upendeleo. Sijui kama wapagazi wote walifanya hivyo, lakini mtaa wetu uliamini hivyo na kuishi hivyo.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," baba alipenda kusema. Na mtu akipita akijigamba, baba hakumjibu kwa maneno. Alichukua debe tupu lililokuwa karibu, akaligonga mara moja kwa nyundo, akaendelea na kazi. Kila mtu mtaani alijua methali iliyokuwa ndani ya mlio ule, na mwenye kujigamba alipunguza mwendo wa ulimi.

Tatizo ni kwamba na mimi nilikuwa kazi yake. Nikiwa wa kwanza darasani, baba alisema "Alhamdulillahi" na kuomba apewe mkasi wa bati. Mzee wa duka ndiye aliyenisifu mpaka mwisho wa mtaa, akanipa na kipande cha halua. Nilipomlalamikia mama, aliniambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kana kwamba mimi ni mgema. Halua niliila. Lakini sifa niliyoitaka ilikuwa ya baba, na niliitaka kwa njaa ambayo halua haikuiondoa.

Sasa nieleze makopo. Baba hakuwa na bati jipya kila siku. Alikata madebe ya mafuta ya taa, makopo ya biskuti, ya maziwa ya unga, ya rangi, vitu vilivyoshuka kwa treni vikiwa vimejaa na kufika barazani kwetu vikiwa vitupu. Vyote vilikuwa na maandishi ya Kiingereza. Kabla sijaanza shule nilikaa pembeni yake nikiyatazama. Nilimuuliza yanasemaje. Baba alisoma Kurani vizuri, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kupendeza, lakini Kiingereza hakukijua. "Wameandika wenyewe," alisema, "wanajua wenyewe."

Nikaanza kubahatisha. Penye picha ya ng'ombe pana neno fulani, na ndani ya kopo mna harufu ya maziwa. Upande uliotobolewa daima uliandikwa maneno yale yale, OPEN THIS END, na upande mwingine hayapo. Kopo la rangi lilikuwa na neno ambalo kopo la biskuti halikuwa nalo. Nilipoingia darasa la Kiingereza, mwalimu alipoandika "open" ubaoni, nilicheka peke yangu kama niliyekutana na mtu wa nyumbani. Sikumwambia mtu. Kwetu jambo kama lile hulisemi, unangoja jirani alione, na hilo hakuna jirani aliyeliona.

Mwalimu wa Kiingereza aliyenifanya niwe nilivyo nilimkuta sekondari. Alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, mtoto wa warina asali, mrefu, na akikasirika alitania badala ya kufoka. Tulikuwa tunaandika mambo ya ajabu. "I learned myself English." "I feel myself tired." Na palipohitajika tuliiacha, tukaandika "I enjoyed at the wedding," sentensi inayomwacha Mwingereza akingoja. Siku moja aliingia na kamba, akaifunga kwenye boriti ya darasa, akajifunga nayo kiunoni, akasimama juu ya meza.

"Mimi ni mrina asali," alisema. "Nimemaliza kazi, nataka kushuka. Nikiushusha mzinga, anayeshusha ni mimi, kinachoshuka ni mzinga. Sasa tazameni." Akaachia kamba taratibu mpaka miguu ikagusa sakafu. "Nani ameshusha?"

"Wewe, mwalimu."

"Nani ameshuka kwa kushushwa?"

"Wewe, mwalimu."

"Basi mtu mmoja ana kazi mbili, na Kiingereza kinataka umtaje kwenye kazi zote mbili. Sisi tunaificha ile 'ji' tumboni mwa kitenzi, hata haionekani. Mwingereza anaiweka nje, mwisho, 'I lowered myself', inasimama kama mgeni mlangoni. Lakini usiiweke pasipo na kamba. Ukisema unajisikia kuchoka, nani amemfunga nani? Uchovu umekuja wenyewe. Na kujifunza je? Wao wana neno lake, 'learn', limekamilika. Lakini ukitaka kusema hukuwa na mwalimu, kwamba uliyefundisha ni wewe na aliyefundishwa ni wewe, hapo kamba ipo, na hapo ndipo unapoandika 'myself'."

Darasa zima lilielewa. Nami nilielewa vizuri kuliko wengine, lakini nilikuwa na shida ambayo mwalimu hakuiona. Niliweza kuandika "himself" na "herself" bila kosa hata moja. Ile ya "myself" mkono wangu uliikwepa. Kujitaja mara moja tu katika sentensi tayari kulinitia joto masikioni, sembuse mara mbili.

Na zama zenyewe zilinisaidia kujificha. Ilikuwa ile miaka baada ya Azimio la Arusha. Shuleni tulilima, tulifuga kuku, tuliimba kuhusu kujitegemea na kujitolea, na neno baya kuliko yote lilikuwa ubinafsi. Msichana akificha sukari kwenye sanduku aliitwa mbinafsi, na hilo lilikuwa tusi la kumliza. Mimi nilikaa ndani ya maneno hayo kwa raha. Niliona Ujamaa umekuja kuuthibitisha mtaa wetu.

Rafiki yangu mkubwa wakati huo alikuwa msichana wa Lusu, huko Nzega, mtoto wa wakulima. Yeye alilala bwenini, mimi nilirudi nyumbani kila jioni, na Jumapili nilimchukua aje kula kwetu. Alikuwa na mabega mapana na sauti ya kuita ng'ombe. Aliniita "mtu wa mjini" kwa sababu nilishika jembe kama nashika kijiko. Sote wawili tulitaka ualimu, tena ualimu wa Kiingereza.

Tulipofika mwaka wa mwisho, wakufunzi wa chuo cha ualimu walikuja Tabora kuchagua. Nafasi za Kiingereza zilikuwa chache, na wasichana waliozitaka walitoka shule kadhaa. Mwalimu wetu alitueleza waziwazi kwamba atakayekosa hapo asitegemee mlango mwingine. Nami nilijua kinachoningoja nikikosa. Shangazi alikwishaanza kutaja wachumba, tena kwa majina na koo zao. Nilitaka chuo kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Walitukalisha darasani, wakatupa karatasi. Swali lilikuwa moja: andika kwa Kiingereza ukurasa mmoja juu ya jambo unalolifanya vizuri, na kwa nini unafaa kuwa mwalimu.

Kwa mtu wa mtaa wetu, swali hilo lina jibu moja tu la adabu. Niligeuza shingo nikamtazama jirani yangu. Msichana wa Lusu alikuwa ameinama, anaandika kwa nguvu. Nikaanza kumsifu. Niliandika jinsi anavyolima shamba la shule mpaka wavulana wa shule jirani wanakuja kutazama. Niliandika jinsi anavyowafundisha wasichana wadogo kuhesabu kwa Kiingereza wakitumia magunzi ya mahindi. Niliandika kwamba hajivuni ila anajiheshimu, kwamba akikosea anajisahihisha, na kila "herself" ilikaa mahali pake kama msumari. Niliusoma tena ukurasa wangu nikaupenda. Wala sikuwa na wasiwasi, maana nilijua kwa hakika kwamba mwenzangu, pale pembeni, ananisifu mimi.

Waliniita kabla ya adhuhuri. Mkufunzi mkuu alikuwa mtu wa makamo, amevaa suti ya kijivu ya mikono mifupi, na karatasi yangu ilikuwa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndugu, hii ni karatasi yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Na msichana anayesimuliwa humu ni wewe?"

"Hapana, mzee. Ni mwenzangu aliyekaa kulia kwangu."

Alivua miwani. "Kiingereza hiki ni kizuri kuliko vyote nilivyosoma leo. Lakini wewe sikuoni humo ndani."

"Nimeandikwa na mwenzangu, mzee."

Alivuta karatasi nyingine, akaipitia taratibu, kwa kidole, ili na mimi nione kwamba anatafuta kweli. "Huyu amejiandika mwenyewe, toka juu mpaka chini. Analima, anaimba, anafundisha, haogopi nyoka. Wewe hakukutaja." Akaziweka karatasi mbili pamoja. "Kwa hiyo yeye amesifiwa na watu wawili, naye tumeshamchukua. Wewe hujasifiwa na mtu."

Nikajieleza, kwa Kiswahili, maneno yakikimbizana. Nikamweleza debe, kidevu cha baba, mzee wa duka, na wapagazi wa zamani. Mwishoni nikamwuliza kama si wao wenyewe wanaotufundisha kukataa ubinafsi.

Hakucheka. "Baba yako ni mtu mwenye adabu," alisema. "Lakini tulichokataa ni mtu kujilimbikizia. Hatukukataa mtu kujua anachoweza na kukisema. Wewe utapelekwa kijiji ambacho hakuna anayekujua. Nitamtafuta wapi huko jirani yako nimuulize?" Aliitazama saa yake. "Rudi baada ya adhuhuri, nitakupa karatasi nyingine. Ukimtaja jirani hata kwa mstari mmoja, nafasi hii nampa mwingine."

Nilimkuta mwenzangu nyuma ya darasa, anakula karanga. Nilikuwa na hasira ya kumpiga.

"Hukuniandika," nikamwambia.

"Nikuandike wewe? Kwani karatasi ilikuwa ya nani?"

"Mimi nimekuandika wewe ukurasa mzima."

Aliacha kutafuna. "Nani alikutuma?"

Nikamweleza yote, na nilipofika kwenye nafasi iliyokuwa inaponyoka, nilikuwa nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi ya karanga, akaniambia jambo ambalo nimewafundisha wanafunzi wangu wote.

"Kwetu Lusu," alisema, "ukishika jembe kimya watu watadhani unaumwa. Tunapanga mstari, ngoma inapigwa, manju anaongoza wimbo. Anajitaja jina lake, anataja shamba alilolimaliza, anataja mpaka ng'ombe wa baba yake. Na wewe ukiwa mstarini unajibu kwa kujitaja. Unajisifu mpaka basi. Halafu unalima."

"Na kama umejisifu uongo?"

"Ndiyo maana unalima. Watu wamekusikia. Ukishajisema huwezi kulegea, utaonekana." Aliokota fimbo, akaishika kama mpini. "Haya, mtu wa mjini. Jisifu."

"Naweza… naweza kusoma kidogo."

"Kidogo! Shamba gani lililimwa kwa kidogo?"

"Mimi ni binti wa fundi bati."

"Huyo ni baba yako. Wewe je?"

Alikuwa ananitazama kama anavyotazama mbegu ambayo haijaota. Nilifikiri juu ya mambo yote niliyokwisha kusifiwa na mzee wa duka, nikaona yote ni yake, ameyaona yeye na kuyasema yeye. Nikatafuta kitu ambacho hakuna mtu aliyekiona. Ndipo nikakumbuka ng'ombe wa kwenye kopo la maziwa.

"Nilijifundisha kusoma Kiingereza kwenye makopo ya baba," nikasema.

Alishusha fimbo. "Hilo hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuniuliza."

"Nani aulize jambo kama hilo? Nitajuaje? Nenda kaliandike hilo, na usiongeze lile neno 'kidogo'."

Baada ya adhuhuri nilikaa peke yangu katika darasa lile, na mkufunzi alikaa mbele akijifanya anasoma gazeti. Karatasi ilikuwa nyeupe sana. Nilimkumbuka mwalimu wangu na kamba kiunoni, anayeshusha na anayeshushwa, mtu mmoja. Nikajiuliza kama kamba ipo. Ipo. Aliyefundisha alikuwa nani? Mimi. Aliyefundishwa je? Mimi. Hakukuwa na mtu mwingine barazani pale isipokuwa baba, naye hakuijua hata herufi moja ya Kiingereza. Basi nikaandika: I taught myself to read English from the tins my father cut.

Niliitazama ile "myself." Mara ya kwanza niliona aibu, masikio yakapata moto. Nikaitazama tena, nikaona ni kweli tupu, wala sikuwa nimemnyang'anya mtu chochote. Baada ya hapo mkono haukusimama. Niliandika juu ya ng'ombe na harufu ya maziwa, juu ya OPEN THIS END. Niliandika kwamba mtoto yeyote nitakayepewa, kijiji chochote, nitaanza na vilivyomo nyumbani kwao, na kwamba najiamini nitaweza. Sikumtaja jirani.

Mkufunzi alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza hakusifu. Aliuliza swali moja tu.

"Baba yako analijua hili?"

"Sijui, mzee."

"Kamwambie. Halafu mwambie akuandalie sanduku la safari."

Nilitembea toka shuleni mpaka sokoni nikiwa nimejaa fahari, na nikikaribia baraza fahari ile ikaanza kuniogopesha. Baba alikuwa anaunganisha mdomo wa debe la kumwagilia, na harufu ya risasi ya kuchomea imejaa barazani. Nilimwamkia, nikamwambia nimechukuliwa. Alisema "Alhamdulillahi," na mzee wa duka akaanza huko ndani kunisifu kwa sauti ya kufika stesheni.

"Waliuliza nini?" baba alisema.

"Waliniambia niandike ninachokiweza."

"Ukaandika nini?"

Debe tupu lilikuwa karibu na goti lake, na nyundo juu yake. Niliona vyote viwili. Nikamtafsiria sentensi yangu kama ilivyo, bila kuipunguza. Nilisema nilijifundisha mwenyewe kusoma Kiingereza kwenye makopo aliyoyakata.

Hakushika nyundo. Aliweka chini kile alichokuwa anakishika, akafuta mikono.

"Ulijifundisha mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unakata."

Alitikisa kichwa, polepole. "Yenye maandishi mengi nilikuwa nayakata mwisho," alisema. "Nilikuona unayatazama. Mengine niliyaweka mpaka yakashika kutu, mama yako akanigombeza."

"Hukuniambia."

"Ningesemaje?" alisema, nami niliujua mtaa wetu. Nilikaa pembeni yake mahali pangu pa zamani, nikamshikia debe lile amalizie kuliunganisha.

Sanduku alilitengeneza mwenyewe, kwa bati bora kuliko lolote nililowahi kuona mikononi mwake. Nje alilipaka rangi ya buluu. Ndani hakupaka kitu. Aliyachagua mabati yenye maandishi akayageuza yatazame ndani, hivi kwamba nikiinua kifuniko, pale juu, herufi zimekaa sawa kabisa na za kusomeka, OPEN THIS END. Hakujua yanasema nini, alijua tu kwamba ni yale niliyoyatazama zaidi. Sanduku hilo ninalo mpaka leo. Limezunguka nami shule zote nilizopangiwa, na kila mwaka darasa jipya huliona ndani kabla ya kuona kitabu.

Siku ya kuondoka kwangu lilikuwa barazani, limefungwa kamba, tunangoja mtu wa mkokoteni atupeleke stesheni. Mwenzangu wa Lusu alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la mbao, anakula halua ya bure. Akaja mkulima wa Sikonge na baiskeli yake, mteja wa siku nyingi, kufuata madebe ya kitalu.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka."

Macho yake yakaangukia sanduku. Aliligonga kwa kidole, akainama akatazama kona zake. "Fundi, hili sanduku ni imara kweli?"

Baba akainua kidevu kuelekea dukani, kama siku zote, na mzee ndani akakohoa kuandaa sauti. Lakini baba hakurudisha macho kwenye kazi. Alininyooshea mkono, mbele ya mteja, mbele ya mtaa.

"Sanduku muulize jirani," alisema. "Huyu mwenye sanduku, niulize mimi."

Mzee wa duka alitoka nje kabisa, na kanga begani, kuja kuona kama amesikia sawa. Mkulima aliegemeza baiskeli yake ukutani, akauliza. Na baba akajibu, mpaka mtu wa mkokoteni akafika na kumkuta bado anajibu.